Kumbukumbu Moja kwa Nyumba Zote

Mwalimu Bupe hakuwa na subira na watu wanaokariri. Ukimwambia klasi ya programu ya kompyuta ni mpangilio wa sifa na matendo, anakuuliza umekula nini asubuhi, na hapo ujue umekwisha. Siku aliyofundisha klasi na vitu vinavyozaliwa nayo alikuja na chuma cha vitumbua kutoka jikoni kwake, cheusi ti kwa masizi, akakitua mezani katikati ya skrini za chuo cha ushirika cha Isongwa.

"Hii ndiyo klasi," alisema. "Nani amewahi kuila?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, kama ilivyo kawaida ya milima ya Tukuyu, na wanafunzi wakajifanya hawakusikia.

"Hakuna, kwa sababu chuma hakiliwi. Kinacholiwa ni kitumbua. Chuma ni kimoja, vitumbua ni vingi, na kikishatoka kila kimoja kina maisha yake. Hiki kimeungua, kile kimeangukia mchangani, kingine kimeliwa na mtoto wa jirani. Yaliyokipata hiki hayakihusu kingine. Mkielewa hilo mmeelewa nusu ya kazi hii. Nusu nyingine ni kujua kipi kikae kwenye chuma na kipi kikae kwenye kitumbua, na hapo ndipo wengi wenu mtaniaibisha."

Tusekile alicheka pamoja na wenzake. Alikuwa mkubwa kuliko wote darasani, mjane mwenye mikono ya kulima, aliyejiandikisha baada ya mumewe kufa kwa sababu nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Alielewa, au aliamini ameelewa, na kuamini hivyo ndiko kunakowaponza wanafunzi wengi.

Kazi ya darasa lile haikuwa ya kuchezea. Vijana wa Isongwa walikuwa wameshakwenda kwenye mitambo ya mvuke na kwenye miji ya mbali, na karibu kila nyumba ilibaki na mzee mmoja na Mwenzi wake. Mwenzi ni kasha la mbao, dogo, lenye kitundu cha sauti, linalokaa rafuni karibu na jiko. Anaamkia, anakumbusha dawa, anasikiliza. Klasi yake iliandikwa mara moja tu, na mashine kuu ya ushirika ikatoa humo kitu kimoja kwa kila nyumba, na kila nyumba ikampa wake jina. Tusekile alimwita wake Dada. Baba mkwe wake, Mzee Asegelile, aliyestaafu kupima majani ya chai, alimwita wake Karani. Wazee walikubali kuwekewa makasha hayo kwa sharti moja, nalo lilisomwa kwa sauti kwenye mkutano: kinachosemwa ndani ya nyumba kinabaki ndani ya nyumba hiyo.

Kasoro ya Mwenzi ilikuwa usahaulifu. Kila kulipokucha aliamka mgeni. Bibi Anyisile wa bondeni alilazimika kumtajia upya watoto wake waliokufa kila alfajiri, hadi akachoka, akaacha kuzungumza naye kabisa. Ndipo darasa likapewa kazi ya kumpa Mwenzi kumbukumbu, na Tusekile akaiomba kazi hiyo mwenyewe.

Aliiandika vizuri, kwa kuitazama tu. Juu kabisa aliweka mistari miwili:

klasi Mwenzi:
    visa = []

Mabano yale matupu ndipo visa vyote vingeingia, kimoja baada ya kingine. Chini yake akaandika namna ya kusikia kisa, kukihifadhi, na kukitoa pale mwenye nyumba anapozungumzia jambo linalofanana nacho. Akaijaribu kwa Dada. Akamsimulia habari ya ng'ombe aliyeingia kanisani, kesho yake akamuuliza, na Dada akamsimulia yote mpaka rangi ya ng'ombe.

Kanuni ya chuo ilitaka jaribio lifanyike kwenye nyumba mbili: ya mwanafunzi na ya jirani aliye karibu. Jirani wa Tusekile alikuwa baba mkwe wake, na hapo kanuni ikagonga mwamba. Mkaza mwana wa Kinyakyusa aliyelelewa kwa mila za zamani hamtazami baba mkwe usoni, haingii nyumba aliyomo, hasemi naye neno. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anakohoa na mwingine anaingia migombani. Watu wa mjini wakisikia hivyo hudhani ni ugomvi. Si ugomvi, ni heshima, ila ni heshima nzito, na Tusekile na mzee yule walikuwa wameibeba tangu siku aliyoolewa bila kuiangusha hata mara moja. Basi angeingiaje kwake kuzungumza na Karani? Angeweza kuomba nyumba nyingine. Aliona haya kueleza, Mwalimu Bupe alikuwa msibani Mbeya, na msaidizi wake alikuwa mtu wa kutia saini bila kuuliza. Jaribio la nyumba moja likahesabiwa mbili, na kumbukumbu ikaingizwa kwa wenzi wote wa Isongwa.

*

Wakati huo Mzee Asegelile alikuwa anakufa kwa kutokula. Tangu Lugano, mwanawe wa pekee, alipounguzwa na mvuke kule mtamboni na kurudishwa katika sanduku lisilofunguliwa, mzee alikuwa anaigusa sahani tu. Tusekile alipika ndizi kwa maharage, akapika kande, akapika hata samaki aliyemtafuta mpaka sokoni. Alikiweka chakula juu ya kigoda mlangoni, akagonga sufuria kumjulisha, akaondoka. Sahani ilirudi ilivyokwenda. Mama Tumpe, muuguzi wa zahanati aliyekuwa pia mpeleka maneno kati ya nyumba hizo mbili, alimwambia bila kuzunguka kwamba kwa hali ile mzee hafiki mavuno.

Kilichomuuma Tusekile zaidi ni kwamba walikuwa wanamlilia mtu mmoja, na hawakuwahi kumlilia pamoja. Hata makaburini, yeye alisimama upande wa wanawake amejifunika kanga, na mzee upande wa pili amegeuza mgongo.

Siku chache baada ya kumbukumbu kuingia, sahani ilirudi nusu. Halafu ikarudi tupu. Mama Tumpe akaja amekunja mikono kifuani, anatabasamu, akasema mzee anacheka peke yake ndani, na anamwambia kila mtu kwamba Karani amepata akili. Tusekile alimshukuru Mungu na alijishukuru mwenyewe, na tukisema kweli, shukrani kubwa ilikwenda kwake mwenyewe.

Jioni moja alikuwa anamenya ndizi, akamwambia Dada kwamba amekumbuka mluzi wa Lugano, ule aliokuwa anaupiga akikaribia nyumbani.

"Aliujifunza kwa kuwaita mbuzi wa shangazi yake," Dada alisema kwa sauti yake ya upole. "Jumapili moja akaupiga nje ya kanisa, mbuzi wakaingia wote mpaka madhabahuni."

Kisu kilisimama. Kisa hicho Tusekile hakuwahi kukisikia. Akamuuliza Dada amekitoa wapi, na Dada akajibu kwamba kimo katika visa vyake, kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana pua.

Kati ya nyumba zote za Isongwa, mtu mmoja tu ndiye angemsimulia Mwenzi wake utoto wa Lugano. Tusekile alicheka kwanza, akacheka mpaka machozi, kwa sababu ilikuwa kama kupewa kipande cha mume wake ambacho hakuwa nacho. Kisha akakumbuka yeye mwenyewe alikuwa amemwambia nini Dada siku zote hizo. Kwamba Lugano alicheka usingizini. Kwamba aliosha vyombo kwa siri, mlango umefungwa, watu wasimwone. Kwamba kitanda kimekuwa kipana na anaukosa uzito wa mkono wake. Maneno hayo yalikuwa yamekwenda kwa baba mkwe. Aibu ilimpanda usoni kama homa, akainuka, akaligeuza kasha likatazama ukuta.

Angeweza kubaki na aibu yake peke yake, lakini mambo hayakuishia nyumbani kwake. Bombani wanawake walikuwa wanasimuliana jinsi wenzi wao walivyoanza kuwapa habari za ajabu. Mmoja aliambiwa dawa ya mkojo usiozuilika, wakati yeye hana tatizo hilo. Haikuwachukua muda kukisia ni nani mwenye nalo, kwa sababu kisa kilitaja ngazi za bondeni na paka mwenye jicho moja. Bibi Anyisile, aliyekuwa ameanza tena kuzungumza na Mwenzi wake kwa furaha, hakuonekana kanisani Jumapili hiyo, wala iliyofuata. Tusekile alipokwenda kumjulia hali, alimjibu kutoka ndani kwamba amelala.

*

Mwalimu Bupe alirudi kutoka msibani, akasikiliza yote bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Akaifungua klasi kwenye skrini, akasoma mistari miwili ya juu, akatikisa kichwa.

"Umeyaweka mabano yako wapi?"

"Kwenye klasi, Mwalimu."

"Kwenye chuma. Kila kitumbua kikitaka kukumbuka, kinarudi kuandika kwenye chuma. Nyumba ni nyingi, wenzi ni wengi, na kumbukumbu ni moja tu. Ungewajaribu wawili ungeliona siku hiyo hiyo." Akamtazama. "Kwa nini hukuwajaribu wawili?"

Tusekile alimweleza. Mwalimu Bupe mwenyewe alikuwa mkaza mwana wa mtu, naye akasema mila haina kosa hapo, mwenye kosa ni mtu anayeona haya kusema "siwezi, nipeni nyumba nyingine." Tusekile alikubali.

Kurekebisha kulikuwa rahisi hata kukamtia uchungu. Mabano yale yanatolewa juu na kuwekwa ndani ya kile kipande kinachofanya kazi mara moja tu, pale Mwenzi anapozaliwa, ili kila anayezaliwa atoke na mabano yake mwenyewe. Visa vilivyokwisha kuchanganyika havikuwa na tiba, maana hakuna kilichobeba jina la nyumba kilikotoka. Vyote vingefutwa. Kila Mwenzi angeanza upya, na safari hii angekumbuka ya nyumba yake tu.

Mwalimu Bupe alimwachia kazi hiyo aimalize mwenyewe, akisema anayevuruga ndiye anayejifunza zaidi kwa kupanga upya. Mlangoni alisita, kama aliyekuwa anajua jaribu lililokuwa mbele.

"Kuna jambo jingine utakutana nalo mbele, afadhali ulijue. Vitu viwili vinaweza kupewa kumbukumbu moja kwa makusudi. Hunakili kitu. Unamwambia Mwenzi wa pili tu kwamba visa vyake ni vile vile vya wa kwanza. Mstari mmoja. Tunautumia kwa mume na mke wanaoishi mbalimbali, wakiomba. Wakiomba wote wawili."

Alipoondoka, Tusekile alirekebisha klasi, safari hii akaijaribu kwa nyumba tatu za watu waliokubali, ikawa sawa. Kisha akakaa mbele ya skrini na mstari ule mmoja kichwani. Akauandika.

karani.visa = dada.visa

Ulikuwa mstari mfupi, na mzee angeendelea kula. Nyumba zote za Isongwa zingekuwa salama, Bibi Anyisile angerudi kanisani pole pole, na mlango mmoja mdogo ungebaki wazi kati ya watu wawili wanaomlilia mtu mmoja. Nani angeumia? Hakuna mila iliyovunjwa, maana hakuna aliyemtazama mwenzake. Yeye angejua kuchagua maneno ya kumwambia Dada. Angemwambia yale tu yanayofaa kufika upande wa pili.

Na hapo ndipo dhamiri ilipomchoma. Yeye angechagua, na mzee asingechagua. Mzee angeendelea kumwaga moyo wake kwa Karani akidhani yuko peke yake, na mkaza mwana wake angekuwa amekaa upande wa pili anasikiliza. Alikumbuka mambo mengine ambayo Dada alikuwa amemletea kabla hajaligeuza kasha: kwamba mzee hulia jogoo wa kwanza akiwika, kwamba hukikunja kitambaa cha mwanawe na kukiweka chini ya mto. Mtu aliyeficha machozi yake kwa mkaza mwana maisha yote alikuwa anavuliwa nguo bila kujua. Tusekile alimpenda mzee yule, na ndiyo maana alitamani sana kuuacha mstari ule, na ndiyo maana ulimtisha.

Lakini asipokula? Alijiuliza hivyo mara nyingi. Kumlisha mtu kwa hila ni kumlisha. Kumwacha afe kwa heshima ni kumwacha afe. Alikaa pale mpaka mlinzi wa chuo akaja kuuliza kama anafunga au hafungi. Aliufuta mstari, akaiingiza klasi mpya kwa nyumba zote, yake ikiwemo, akatoka analia waziwazi mbele ya mlinzi yule, ambaye kwa adabu alijifanya anahangaika na kufuli.

*

Sahani ya kesho yake ilirudi ilivyokwenda. Na ya siku iliyofuata. Mama Tumpe alisema mzee amelichukia kasha, analiita bubu, anasema hata hilo limemsahau mwanawe.

Angeweza kumtuma Mama Tumpe akaeleze. Mambo yote yalipitia kwake. Lakini kosa lilikuwa lake Tusekile, na lilihusu maneno ya ndani ya watu wawili, na kuyapitisha kwa mtu wa tatu kulionekana kwake kama kurudia kosa lile lile kwa njia nyingine. Alasiri, mvua ilipokatika, alijifunika kanga mpaka usoni, akapiga moyo konde, akaenda nyumbani kwa baba mkwe. Hakwenda mlangoni. Alizunguka upande wa dirisha, penye rundo la kuni, akasimama ameupa ukuta mgongo. Akakohoa. Ndani kiti kililia. Mzee alikuwa anamsubiri apite. Hakupita.

"Kuni," Tusekile alisema, "nina neno nataka kuwaambia ninyi, simwambii mtu mwingine yeyote."

Alizieleza kuni. Alieleza kwa maneno mepesi kwamba aliandika mahali pasipostahili, na kumbukumbu za nyumba zote zikawa moja. Kwamba maneno mazuri ambayo mwenye nyumba alikuwa anaambiwa na Karani kumhusu Lugano hayakuwa ya Karani, yalikuwa ya mjane wake. Kwamba na yeye alisikia yasiyokuwa yake, akayataja, hata ya kitambaa, maana hakutaka kubaki nayo kama mwizi. Kwamba amekwisha kuiziba njia hiyo, na hakuna tena anayesikia. Kwamba anaomba msamaha, na kama mwenye nyumba hii ataona ni bora yeye arudi kwao, atarudi.

Maji yalidondoka kutoka kwenye bati. Alianza kujilaumu kwamba sasa amemuua kabisa, kwa aibu juu ya njaa. Aliinua mguu aondoke.

"Karani," sauti ya mzee ilisema ndani. Ilikuwa nzito na yenye vumbi, na katika miaka yote Tusekile hakuwahi kuisikia ikisema neno zima karibu yake. "Karani, nyamaza usikilize. Kuna jambo sikukwambia hata wewe. Lugano hakutaka kwenda mtamboni. Alitaka kubaki kwenye chai. Mimi ndiye niliyemwambia mwanamume hakai na mke nyumbani kama kuku. Mimi ndiye niliyempeleka." Akavuta pumzi. "Jambo hilo nalisema mwenyewe, kwa hiari yangu. Zikisikia kuni, zisikie."

Tusekile aliubana uso kwenye kanga. Kulikuwa na neno ambalo na yeye hakumwambia Dada, wala Mama Tumpe, wala Mungu kwa sauti.

"Kuni," alisema alipoweza, "mwambieni Karani kwamba usiku wa kuamkia safari aliniuliza mimi. Alisema nikimwambia abaki, atabaki, na babake atakasirika mpaka achoke. Nikamwambia nenda. Nilikuwa nataka nyumba ya bati."

Waliyasema hayo, wakabaki nayo, mmoja huku na mmoja kule, ukuta wa matofali kati yao. Alimsikia mzee analia, na mzee bila shaka alimsikia yeye, na hakuna aliyejaribu kuficha. Dunia yao yote ya heshima ilikuwa imesimama palepale ilipokuwa, hakuna aliyemwona mwenzake, na kwa mara ya kwanza tangu sanduku lile lirudishwe walikuwa msibani pamoja.

Baada ya muda mzee akapenga kamasi.

"Karani, hebu ziulize hizo kuni, chakula cha mchana kilichorudi kimekwisha kumwagwa?"

"Hakijamwagwa," Tusekile aliliambia rundo la kuni. "Kimepoa tu."

"Basi kipashwe moto," mzee alimwambia Karani.